Saa Iliyosifiwa

Mwaro alikuwa na saa tano za mkononi, na Kahaso hakumwacha apumue kwa hilo. Kahaso ndiye aliyekaa kwenye kaunta ya malipo katika duka la vifaa vya ujenzi walikofanya kazi pale Malindi. Kila asubuhi Mwaro alipoingia, kabla hata ya habari za kuamka, Kahaso alimshika kiwiko na kumpandisha mkono wa shati.

"Leo zamu ya nani?"

"Ya kijani."

"Na wenzake?"

"Wamepumzika."

"Heri yao. Mimi nina mwili mmoja na haujapumzika tangu niolewe."

Mwaro alicheka, akapita zake kwenda kwenye rafu za mabomba. Hakuwa mtu wa kujieleza. Kuna starehe ambazo ukizieleza zinapungua, na hii yake aliilinda na midomo ya watu jinsi mtu anavyokinga mshumaa na upepo.

Alizaliwa Mambrui katika nyumba ya watoto wengi, ambamo hapakuwa na kitu cha mtu mmoja. Shati alilonunua lilivaliwa kwanza na kaka yake. Simu yake ilipokea salamu za ukoo mzima. Mshahara ukiingia, ulikuwa umekwisha kugawanywa vinywani mwa watu kabla haujamfikia. Saa peke yake hazikuombwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyeona maana yake. Simu inaonyesha saa, walisema, ya nini kujifunga chuma mkononi? Mwaro akashukuru kimoyomoyo kwa upofu wao huo, akaendelea kukusanya.

Alikusanya polepole, kama mtu anayechagua marafiki. Ya kwanza aliiokota katika chungu ya bidhaa za mitumba nyuma ya soko, kioo chake kimepasuka, akakisugua kwa dawa ya meno jioni baada ya jioni mpaka ufa ukawa kama unywele. Ya kijani aliipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake ya ufukweni na kuuza kila kitu, hadi vijiko. Watu walikuwa wakigombania friji na magodoro. Mwaro akauliza habari ya saa iliyokuwa mkononi mwa mwenyewe. Yule mzee alicheka, kisha akaacha kucheka, akaivua. Ya tatu, nyeusi, isiyo na namba hata moja usoni, alibadilishana na binamu yake Ngowa kwa simu, na Ngowa mpaka leo anajiona ndiye aliyemlaghai mwenzake. Ya nne ilikuwa saa ya kike, ndogo kama kokwa ya ukwaju. Hiyo hakuivaa kamwe. Alipenda tu kujua kwamba ndani ya kitu kidogo hivyo mlikuwa na magurudumu, na magurudumu hayo yalikuwa yakizunguka.

Jumapili asubuhi alitandika kitambaa cheupe kitandani, akazipanga, akazitia ufunguo moja baada ya nyingine. Hakuna yenye betri. Alizungusha kile kifundo cha pembeni kwa vidole viwili, taratibu, mpaka pale saa inapoanza kukaza kidogo, kama mtu aliyeshiba anayeusogeza mkono wa mpakuaji. Hapo aliacha. Kisha alilala chali akazisikiliza. Mwanzoni zilikuwa kelele tupu. Baadaye sikio lilizitenganisha, hii yenye haraka, hii yenye kusitasita, hii ya sauti nyembamba, na Mwaro alijiona tajiri ambaye hana wa kumtolea maelezo.

Ya tano ndiyo iliyoleta mambo.

Siku moja alitumwa Kilifi kupeleka mabomba kwenye nyumba ya mjane mmoja jina lake Jedida, bibi wa makamo yaliyokwisha kupita, mwenye kutembea kwa kujishika kiuno. Alipoingia sebuleni kutafuta mahali pa kutua mzigo, aliona saa ya mkononi imetundikwa kwenye msumari ukutani. Saa nyembamba, uso wake rangi ya chai iliyozidi maziwa, na chini ya uso huo kijiduara chenye mshale wake peke yake, mfupi kama mguu wa nyuki. Ilikuwa imesimama. Mwaro alisahau mabomba.

"Hiyo haiuzwi," Jedida alisema kabla hajaulizwa.

"Sinunui, mama. Naomba niitie ufunguo tu."

Jedida alimtazama, kisu cha kitunguu mkononi, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mwaro akaishusha, akazungusha kifundo, akasikiliza. Saa ikaamka. Yule bibi akaweka kisu chini, akaichukua, akaipeleka sikioni, na akakaa nayo hapo mpaka Mwaro akalazimika kutazama pembeni.

Ilikuwa ya mumewe, Kyalo. Kyalo alifanya kazi kwenye kivuko cha Kilifi siku ambazo daraja halijajengwa, na saa hiyo hakuivua hata kitandani. Jedida alilala miaka yote ya ndoa yake kichwa chake juu ya mkono huo, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuisikia kabla ya usingizi. Kyalo alipokufa, vidole vya Jedida vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Hakuweza kukishika kile kifundo, na kumwita mtu wa kukizungusha aliona haya. Ikasimama.

Mwaro alirudi kwake mara kadhaa, wakati mwingine bila mzigo wowote, na kila mara akaitia ufunguo. Mwisho Jedida mwenyewe ndiye aliyesema.

"Ichukue. Hapa inakufa, kwako itaishi. Lakini usiiuze, na usimpe mtu. Na kila mwaka siku aliyofariki mzee, niletee niisikie. Sitaki kingine."

"Nimekuahidi, mama."

Akaichukua kwa bei aliyoitaja mwenyewe Jedida, bei ya jina tu. Na ahadi akaitimiza: miaka miwili mfululizo alikwenda Kilifi siku hiyo, akakaa barazani na bibi yule, na bibi yule akasikiliza saa. Mwaro aliporudi safari hizo alitembea kifua mbele. Kati ya mambo yote aliyowahi kuaminiwa duniani, hilo ndilo lililomfanya ajione mtu.

Basi mwaka wa tatu, mwezi mmoja na siku chache kabla ya siku hiyo, dukani akaletwa meneja mpya.

Jina lake Ndirangu, mtu wa Nyeri, mnene, mcheshi, asiyejua kuficha furaha wala njaa. Wafanyakazi walimpenda mara moja. Alibeba saruji pamoja nao, na mchana alikula nao mahamri na maharagwe akisifu kila tonge. Kusifu ndio uliokuwa ugonjwa wake. Alisifu bahari, akasifu kanzu ya mlinzi, akasifu pete ya Kahaso. Asubuhi moja akamkuta Mwaro anapima waya, akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Siku hiyo ilikuwa zamu ya saa ya Kyalo.

"Hii saa yako imeweza, Mwaro. Hizo nyingine ni nzuri, lakini hii… hii ni kiboko. Sijawahi kuona saa kama hii."

Na hakusema mashaallah.

Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo. Lakini Mwaro alilelewa na Kabibi, mama yake, na katika nyumba ya Kabibi kitu kikisifiwa bila neno hilo kilikuwa kimeshatiwa jicho. Dawa yake ni moja: mwenye kitu humwambia msifiaji, "Ni chako." Naye msifiaji, kama ana malezi, hujibu, "Kimekaa mahali pake," na jicho limeanguka, kila mtu anabaki na chake. Mwaro aliliona hilo likifanywa kwa sahani, kwa mbuzi, kwa khanga, hata kwa mtoto mchanga, na hakuna aliyewahi kuondoka na mtoto wa mtu. Ungemuuliza kama anaamini mambo ya jicho, angekubishia hadi kesho. Lakini kinywa chake kilifundishwa kabla ya akili yake.

"Ni yako, bosi," alisema.

Ndirangu akasimama wima. "Yangu? Kweli?"

"Kweli kabisa," Mwaro alisema, sikio lake likingoja lile jibu.

"Aki wewe kijana." Macho ya Ndirangu yalikuwa yamelowa. "Tangu nifike huku kwenu hakuna mtu amenifanyia kitu kama hiki. Mungu akubariki sana." Na akanyoosha mkono, ngumi imekunjwa, tayari kufungwa.

Kwenye kaunta Kahaso aliacha kuhesabu chenji. Mwaro aliuona mkono ule mnene mbele yake na hakujua njia ya kuurudisha ulikotoka. Kusema "nilikuwa natania"? Mbele ya wateja? Yeye, Mwaro, aonekane mtu anayetoa kwa mdomo na kunyang'anya kwa mkono? Alifungua ukanda kwa vidole vyake mwenyewe. Akamvisha. Ukanda ulikuwa mfupi, ikabidi amtafutie tundu la mwisho.

"Umefanya nini?" Kahaso alimuuliza walipobaki wawili.

"Umeona."

"Nimeona. Ndiyo nakuuliza."

"Sikumpa. Nilisema tu."

"Ulisema, ukavua, ukamfunga, ukamchagulia na tundu. Mume wangu aliponioa hakufanya kazi yote hiyo." Kisha, akiona uso wa Mwaro, aliacha mzaha. "Mfuate sasa hivi. Bado mbichi. Mwambie, bosi, ile saa si ya kutoa, nilisema kwa adabu tu."

"Nikamwambie kwamba neno langu ni la bure?"

"Umwambie umekosea. Watu hukosea."

"Mimi sirudi kuomba kitu nilichotoa."

"Basi si umekitoa," Kahaso alisema, akarudi kwenye chenji zake.

Jumapili hiyo alitandika kitambaa, akazitia ufunguo zile saa nne zilizobaki. Sikio lilitafuta ile ya tano. Ilikuwa na mwendo wake, wa haraka na mwepesi, kama mvua ndogo juu ya makuti, na bila yake zile nyingine zilisikika kama watu wanaozungumza kwenye nyumba iliyoondokewa. Akazifunika, akaenda Mambrui kwa mama yake.

Kabibi alikuwa akikuna nazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Ulipomwambia ni yako, alijibuje?"

"Alisema Mungu akubariki."

Mbuzi ya kukunia ikatulia. Mabega ya Kabibi yakaanza kutikisika, na Mwaro akagundua kwamba mama yake anacheka.

"Mama."

"Niache, mwanangu. Mtu wa watu amepewa kapokea. Hana kosa." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Sasa huyo mjane utamwambia nini?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza."

"Nenda kamwombe."

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu?"

Kabibi alimjua; baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, mtu wa kulala na njaa kuliko kugonga mlango wa jirani. Akakuna nazi kidogo, akasema: "Basi isifu na wewe. Isifu mbele yake, bila mashaallah. Mwenye malezi ataelewa. Hutakuwa umeomba, naye hatakuwa amenyang'anywa."

Hilo Mwaro aliliona ni njia ya heshima. Angeipata saa yake bila kuinama. Jumatatu alimkuta Ndirangu akikagua rangi za mafuta, akajitia kutazama mkono wake kwa ghafla.

"Saa hiyo inakupendeza sana, bosi."

"Asante. Si ni wewe," Ndirangu alisema, akatabasamu, akaendelea na rangi.

Mwaro akangoja siku mbili, akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya juu, Kahaso akiwa anasikia. "Saa kama hiyo hazipatikani siku hizi."

"Ndiyo maana siivui. Hata nikioga."

Kahaso aliinamia droo ya pesa, akakaa humo muda mrefu. Mwaro alikwenda nyuma ya duka akasimama baina ya mabati. Hata akioga. Saa ya Kyalo, chini ya maji, na povu la sabuni. Wiki nzima hakuweza kumtazama Ndirangu usoni, alimtazama mkononi. Kila alipopita alitazama kama uso wa saa umeingia ukungu, na kila alipotazama alitia neno, kwa sababu hakuwa na silaha nyingine. Akasifu kijiduara. Akasifu rangi. Siku moja akasema, "Bosi, naiangalia saa hiyo kila siku, macho hayaniishi," na akasikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyokauka.

Ndirangu alimtazama kwa makini, mara ya kwanza bila kutabasamu. Kisha akaifunika saa kwa kiganja.

Ameelewa, Mwaro alijiambia. Hatimaye.

Kesho yake Ndirangu alikwenda Mombasa kwenye mkutano wa mameneja, akarudi, na saa ilikuwa bado mkononi mwake. Hakusema kitu. Lakini alionekana mtu aliyetua mzigo, na alimpiga Mwaro bega kila alipompita. Siku ya Kyalo ikawa imebakiza siku mbili.

Hapo ndipo Mwaro aliposhindwa. Alimfuata Ndirangu ghalani, kwenye saruji, ambako hapakuwa na mteja wala Kahaso, na akayatapika yote kwa mara moja: mjane, kivuko, mkono wa kitandani, ahadi. Alipofika kwenye neno "naomba" ulimi ulimkwama, akalirudia.

Ndirangu alikuwa ameshaanza kuivua kabla hajamaliza.

"Mwaro. Saa ya mjane? Na ukanipa?"

"Nilisema kwa adabu, bosi. Huku kwetu mtu akikisifu kitu unamwambia ni chako. Yeye hukataa."

"Kwetu mtu akikupa kitu na ukikataa, umemtusi." Ndirangu alimwekea saa kiganjani na kumkunja vidole juu yake. "Si ungesema tu? Siku ileile? Ungeniambia, boss, hiyo nirudishie. Ningekasirika nini?"

Mwezi mzima Mwaro alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, na sasa aliona kwamba ukuta wenyewe hakuna aliyeujenga ila yeye.

"Lakini angalau nimekuondolea shida moja," Ndirangu alisema, uso wake ukichangamka. "Nilikuwa naona unavyoiangalia. Unaisifu lakini unaumia, kama mtu amepeana zawadi yenye kasoro. Na kweli ilikuwa inachelewa kidogo. Nikasema, huyu kijana anaona aibu, wacha nimtoe aibu. Nilipoenda Mombasa fundi akaitoa ile mashine ya zamani akaweka mpya, ya betri. Sasa haikosei hata sekunde. Huyo mama atafurahi."

Mwaro aliipeleka saa sikioni. Iligonga, ikanyamaza. Ikagonga, ikanyamaza.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Ilibaki kwa fundi. Ilikuwa ya nini?"

Walimpigia fundi simu palepale. Alikuwa mtu wa kuchangamka pia. Alisema ile mashine aliitoa vile vijiwe vyake vya ndani na vigurudumu vichache vya kufaa, na mabaki akayauza na vyuma vingine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa muda mfupi Mwaro alitamani kumpiga mtu. Alimtazama Ndirangu, akamtafuta mahali pa kumpiga, pa haki, na hakupaona. Mtu alimpenda, akapewa, akashukuru, akaona mwenzake anaumia, akaenda kumponya. Yote aliyoyafanya Ndirangu yalikuwa mema, na hilo lilimkera Mwaro kuliko wizi.

"Nitakununulia ingine," Ndirangu alisema, sasa ameelewa kwamba kuna kitu kimevunjika. "Chagua yoyote."

"Sihitaji kitu chako," Mwaro alisema, akatoka.

Alifikiria kutokwenda Kilifi. Alifikiria homa, msiba, kazi ya dharura. Lakini siku ilipofika alijikuta anavuka daraja, saa mfukoni, kwa sababu hakuweza kuivaa. Alijipa moyo: bibi ni mzee, masikio yamechoka, huenda asijue. Kisha akachukizwa na nafsi yake kwa kutumaini hilo.

Jedida alikuwa amemngoja barazani. Amevaa gauni la kanisani na hereni, na viti viwili vimewekwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umenisahau."

Akanyoosha mkono palepale, kiganja juu. Hakuitazama saa. Aliipeleka moja kwa moja sikioni, akafumba macho, na uso wake ukajiandaa jinsi Mwaro alivyouona ukijiandaa miaka miwili iliyopita, ukilainika kuanzia kwenye paji. Ulifika nusu ya njia ukasimama. Akaibadilisha sikio. Akaishusha, akaitazama, akahakikisha ni yenyewe, akairudisha tena.

"Hii inatembea kama askari," alisema.

"Imebadilishwa mashine, mama."

"Na nani?"

"Si mimi. Ni meneja wetu. Mama, hawa watu wa bara hawajui mambo ya—"

"Kyalo alizaliwa Mwingi," Jedida alisema, wala hakupandisha sauti. "Mimi nimetoka Kitui. Endelea. Hatujui nini?"

Damu ilimpanda Mwaro mpaka masikioni. Akaendelea, kwa sababu kusimama kulikuwa kubaya zaidi. Akasimulia yote, na alivyosimulia alijisikia akiyapanga maneno ili kosa liangukie mahali pengine, na kila alipolisukuma lilirudi.

Jedida alingoja mpaka akamaliza.

"Alikuibia?"

"Hapana."

"Alikuomba?"

"Hapana, mama."

"Ulivua mwenyewe."

"Lilikuwa neno la adabu tu. Halina maana hiyo. Husemwa tu, na mwenzako…"

"Nimekaa kwenu tangu watu wanavuka kwa kivuko. Nalijua." Aliiweka saa juu ya goti lake, uso chini. "Na lile uliloniambia mimi, hapo ulipokaa, siku uliyoichukua? Lilikuwa la adabu pia?"

Mwaro alifungua kinywa. Alikuwa na maneno mengi mazuri, alilelewa kwayo; niwie radhi, nisamehe mama yangu, niko chini ya miguu yako. Yalimjia yote, yamepangana tayari, mepesi kutamka, na hakuna hata moja aliloweza kumpa bibi yule akitegemea kwamba ataliamini. Akakifunga.

Alingoja atukanwe. Lingekuwa jambo la kushika: angeweza kuwaka, kujitetea, kuondoka ameumizwa. Badala yake Jedida aliinuka taratibu, mkono kiunoni, akaingia ndani, akarudi na chai na viazi vitamu. Akammiminia. Akamuuliza habari za Mambrui, kama mvua imenyesha, kama mama yake hajambo na miguu. Mwaro alijibu moja moja. Chai ilikuwa na tangawizi kama miaka yote. Alipomtazama kwa pembeni aliona kwamba yule bibi hamtazami. Anatazama barabarani, na kichwa chake kimeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayejitahidi kukumbuka kitu ambacho jana tu alikuwa nacho.

Alipomaliza kikombe akaaga. Akashuka ngazi, akafika kwenye lango.

"Umesahau saa yako," Jedida alimwambia.

Ilimbidi arudi, apande ngazi zote, aichukue mkononi mwake.

"Ahsante, mama."

"Karibu tena, Mwaro," Jedida alisema, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mwenyeji kwa mgeni yeyote. Na Mwaro, ambaye maneno ya namna hiyo aliyanyonya kwa mama yake, alijua kwamba anatakiwa ajibu, "Ahsante, nitakuja," na kwamba mlango huo hataugonga tena.

"Ahsante, nitakuja," alijibu.